Mikono Iliyomwogesha Hajati Hawah

Siku Hajati Hawah alipokata roho, nyumba yake ya Koboko ilijaa watu mpaka viatu vikakosa nafasi mlangoni. Makubwa! Miaka miwili mama huyo alilala amepooza, mkono wa kushoto umejikunja kifuani, na wote hao hawakuijua njia ya kwake. Wengine leo walilia hadi wakashikiliwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na katika dhiki ile Hawah alikuwa na Ruqaiya peke yake.

Ruqaiya alikuwa mtoto wake wa pili. Alipozaliwa walimwita Swadiki, wakasema ni mwanamume. Mwenyewe alijijua msichana tangu utotoni, na alipokua akavaa hivyo na kujiita hivyo. Akaenda Arua kusuka nywele, na wanawake wa mjini wakamgombania. Kisha maneno yakaanza. Mwenye nyumba akamtupia godoro nje mvua ikinyesha. Vijana wa stendi ya boda wakamvua ushungi, wakampiga mchana kweupe, na watu wakasimama kutazama. Alipokwenda kushtaki, askari akamwuliza, "Wewe hasa iko nini?" Mtu anavuja damu puani, naye anaulizwa yeye ni nini!

Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Mama yake alimpokea, akamwambia jirani yeyote aliyefungua mdomo kwamba nyumba ni yake na mtoto ni wake. Haukupita muda, naye mama akaanguka. Tangu hapo Ruqaiya alimgeuza, akambadilisha nguo, akamwogesha, akaukanda kila siku ule mkono kwa mafuta ya simsim ya moto mpaka ukalegea.

Sasa, kwao Wanubi, kama kwa Waislamu wengine, maiti wa kike huoshwa na wanawake, na jamaa wa karibu ndio hutangulia. Hawah alilijua hilo vizuri. Alimwita Mama Muzamili, mwosha maiti wa mtaa, akamwambia kwa ulimi wake mzito, "Siku yangu ikifika, Ruqaiya amwage maji. Yeye ndiye binti yangu." Mama Muzamili akajibu, "Inshallah, Hajati," huku anakunywa chai aliyoandaliwa na huyo huyo Ruqaiya.

Basi siku ikafika. Shuka zilitundikwa nyuma ya nyumba, na Ruqaiya akaja na ndoo ya maji aliyoyapasha moto mwenyewe. Mama Muzamili akamzuia kwa kiganja.

"Wewe hapana. Hapa ni pa wanawake."

"Mama, ulikuwepo. Ulimsikia kwa masikio yako."

Mama Muzamili akaitazama ndoo. "Mimi sikumbuki," alisema, akaichukua. Maji aliyakubali, mwenye maji akamkataa! Uso mkavu ulioje!

Siraji, kaka mkubwa, alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Juba. Alikuja amekunja uso. "Swadiki, usituaibishe. Vaa suruali uje kubeba jeneza, au kaa jikoni. Ukiingia humo, vijana wa stendi ya hapa wataitwa, na mimi sitawazuia."

Ruqaiya aliwajua vijana wa namna hiyo tangu Arua, na pua yake iliwajua pia. Hakuingia. Lakini hakuondoka, alisimama nje ya shuka, akasikia maji yanamwagwa, akasikia wanawake wanahema. "Mkono haushuki," alisema mmoja. "Vuta." Kitu kikalia kau!

"Msivute!" Ruqaiya alipiga kelele. "Mnamuumiza mama yangu! Anzeni begani. Mafuta yake yako chini ya kitanda. Yapasheni, mkande taratibu, msiguse kiwiko kwanza."

Mmoja akatoka kufuata chupa, macho chini. Ruqaiya akaendelea kuwaelekeza kwa sauti iliyokatika kwa kilio, bega, kisha mkono wa juu, kisha vidole, mpaka akasikia wakisema umeshuka. Hakuna aliyemwambia asante. Nami nasema, hata wakatae vipi, aliyemwosha Hawah ni yeye. Wale walimwazima mikono tu.

Wanaume wakabeba, wakazika, wakarudi na njaa. Siraji akaketi katikati ya wageni, akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Ruqaiya! Dada yangu! Leta chai, watu wamechoka."

Ehe! Kwenye kuosha alikuwa Swadiki, kwenye chai amekuwa dada. Jina ambalo Siraji aliliona haramu tangu asubuhi lilimtoka kinywani tamu kabisa mara njaa ilipomuuma.

Ruqaiya akatoka mikono mitupu, akainyoosha mbele ya wote.

"Kaka, mikono hii haikufaa kumgusa mama. Itawafaaje wageni wako? Moto nimeuzima. Pikeni wenyewe."

Akaenda kuketi mkekani, katikati ya wanawake wafiwa, mahali pa binti. Wanawake wakatazamana, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Mama Muzamili ndiye aliyesogea karibu, mikono yake bado inanukia simsim, akanong'ona, "Binti yangu, ni kweli. Hajati alisema. Nilimsikia."

Ruqaiya akamtazama usoni.

"Ungesema asubuhi, Mama. Sasa kaburi limeshafukiwa."