Buji Nne za Gari la Kayitare

Hakuna mshumaa uliowashwa katika garaji ya Ridhwani, si mchana wala jioni. Hakuna aliyeita roho ya mume wangu. Nayaandika haya kwa sababu maneno yameshavuka mpaka hadi Bukavu na kurudi, na kila yanapovuka yanaongezewa mshumaa mwingine. Nyumba ya Kayitare haijawahi kuwa na mambo ya gizani. Ina gari la zamani, basi.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya rangi ya maziwa. Marehemu mume wangu, Kayitare, alirudi nayo nchini kutoka Bukavu, sisi sote ndani na magodoro juu. Alipofariki nililifunika turubai nyuma ya nyumba, na kuku wakadhani wamejengewa. Kisha binti yetu Teta akachumbiwa na Manzi, kijana wa Mibirizi, na katika mipango yote ya arusi aliomba kitu kimoja tu.

"Maman, Papa hatakuwepo kunipeleka kanisani. Basi gari yake inipeleke."

Ndiyo maana nilimwita Ridhwani, na mnaotaka kumjua huyo mnayemwita mganga, huyu hapa.

Ni mtoto wa fundi cherehani, Muislamu wa Kamembe. Baba yake alitaka ashike sindano. Yeye akaifungua cherehani ya baba ili aone kinachoizungusha, akairudisha, ikawa inashona kinyumenyume. Wakampeleka Bukavu kwa mjomba mwenye garaji ili vyombo vya nyumbani vipumzike. Alirudi na ndevu, na ufundi, na mdomo. Sijapata kuona mtu anayejisifu kama yeye, na nimefundisha walimu.

"Miye, Maman, moteri ikisikia tu nakohoa, inawaka kwa woga."

Uwanja wake uko kwenye mteremko, na magari yote yanaelekezwa chini, ili likigoma lisukumwe. Pale kwenye kona kuna Renault 4 yake mwenyewe isiyo na milango. Alimuahidi mkewe kwamba itamrudisha kutoka hospitali atakapojifungua mtoto wa kwanza. Mtoto huyo sasa ananyoa ndevu, na Renault bado iko kwenye matofali, kila mwaka inapakwa rangi mpya.

Jumamosi uwanja unajaa watu wasio na gari la kutengeneza. Wanakuja kuzungumza. Latifu, muuza vitenge, ana Volkswagen ya mgongo wa kobe ambayo anaipangusa kuliko anavyoiendesha. Mzee Tumukunde aliendesha malori ya saruji kule Muganza mpaka alipostaafu, na hadi leo akitembea kwa miguu anageuza mikono kwenye kona. Walipoiona Peugeot yangu ikivutwa kwa kamba, walisimama kama wanapokea mgeni.

"Toa hii moteri ya wazee, tia ya Toyota," Latifu akasema. "Arusi iko karibu."

"Bibi yako akizeeka, Latifu, utamutia kichwa ya jirani?" Ridhwani akamuuliza.

"Inategemea ni jirani gani."

"Mumuache," Mzee Tumukunde akasema, akiipapasa Peugeot kwenye taa. "Hii haikuharibika. Ililala tu, ikasahau kuamka."

Neno hilo la kuamka likashika. Kila nilipopita nilimkuta mmoja wao ameingiza kichwa ndani ya boneti, wengine wanabishana nyuma yake. Ridhwani alisafisha tangi, akafungua kabireta na kuipanga vipande juu ya kanga kuukuu kama vyombo vya chai, akabadilisha breki. Mwishowe zikabaki buji tu, zile za zamani zimelika.

Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Wenzetu wa pwani wana maneno mawili: mshumaa ni mshumaa, na plagi ya gari ni plagi. Sisi huku Rusizi, pamoja na jirani zetu wa Bukavu, tuna neno moja la Kifaransa kwa vyote viwili. Buji ni ya kuwasha umeme ukikatika, na buji ni ile inayorusha cheche ndani ya mashine. Shemeji yangu Christophe-Aimé alikuwa anakwenda mjini, nikamwambia: "Niletee buji nne, nzuri, za kuamsha gari la marehemu." Sentensi yangu ilikuwa sahihi. Lakini Christophe-Aimé hajawahi kufungua boneti maishani mwake. Aliingia kwenye duka linalouza rozari na sanamu, akaomba buji nne ndefu kuliko zote, na muuzaji alipouliza za nini, akajibu kwa sauti yake ya kuimbia kwaya: "Za kumuamsha marehemu." Neno gari lilimponyoka. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wa Mibirizi.

Ridhwani alipofungua mfuko alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu ujumbe ulinifika kabla ya chakula cha mchana kesho yake. Ulitoka kwa Mukarugwiza, shangazi aliyemlea Manzi tangu mdogo. Ulisema gari hilo halitafika kanisani kwao, na ikiwa mama wa msichana anawashia wafu buji, basi hata msichana watamfikiria upya.

Teta alilia. Mimi niliagiza jibu fupi: mama Mukarugwiza aje aone kwa macho yake.

Alikuja Jumamosi, rozari mkononi, uwanja umejaa. Alisimama mbali na gari.

"Ziko wapi hizo buji?"

"Iko moja hapa, Maman," Ridhwani akasema, akamkabidhi plagi mpya aliyokuwa amekwenda kuinunua mwenyewe.

Akaigeuza. "Hii? Haina utambi."

"Hata wewe hauna utambi, Maman, lakini nasikia unawaka."

Latifu alijificha nyuma ya Volkswagen yake. Nilidhani kila kitu kimeharibika. Mukarugwiza akamrudishia Ridhwani plagi yake, akasema, "Washa. Nione."

Ridhwani akaunganisha waya, akaigusisha plagi kwenye chuma cha mashine, akamwambia Mzee Tumukunde azungushe ufunguo. Cheche ikaruka, ya buluu. Mukarugwiza akapiga yowe, akarudi nyuma, kisha akasogea tena.

"Rudia."

Wakarudia. Akataka mara nyingine. Halafu akafunga rozari ndani ya mkoba na kunigeukia. "Mama Teta, mimi nimeelewa. Lakini Mibirizi nzima haikuona. Siku ya arusi nitakaa mbele, kando ya huyu mwenye mdomo. Kama kuna kitu ndani ya gari hii, kianze na mimi."

Ndivyo tulivyotoka Kamembe siku ya arusi: Ridhwani kwenye usukani, Mukarugwiza kando yake katika vazi lake la mushanana, la kijani, mimi na Teta nyuma. Latifu na Mzee Tumukunde walitufuata kwenye Volkswagen. Gari liliunguruma vizuri, Ridhwani akijisifu kila kona. Jua lilikuwa kali. Kwenye mlima wa mwisho, watu wamejaa kando ya barabara wakitungojea, Peugeot ikakohoa, ikakohoa tena, ikazimika.

Sauti moja ikatoka kwenye umati: "Buji zimekwisha!" Watu wakacheka. Teta akanishika mkono. Nilijua tukishuka hapo na kupanda mlima kwa miguu, jina la baba yake litapanda nasi likiwa na matope.

Ridhwani alikuwa ameshashuka na kufungua boneti. Latifu akafika anakimbia. "Ni pampu! Joto imechemsha esansi, petroli haipande tena!"

"Najua ni pampu! Nipeni kitambaa na maji!"

Kila mtu alitazama nguo zake, na kila nguo ilikuwa ya arusi. Mukarugwiza akashuka. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa chake cheupe chenye lasi, akakilowesha kwa chupa ya maji ya kunywa, akaingiza mkono wake mwenyewe kwenye ile mashine ya moto.

"Wapi?"

"Hapa, Maman. Hii ya duara."

Akakibana pale, akakishikilia, huku akiwatazama watu wa Mibirizi mmoja mmoja. Wakaacha kucheka. Tulingoja. Kisha akasema bila kugeuka, "Weye mwenye mdomo, kohoa."

Ridhwani akarudi kwenye usukani, akakohoa, akazungusha ufunguo. Gari likawaka, na mlima wote ukapiga vigelegele.

Teta alifika kanisani kwa gari la baba yake, na Mukarugwiza akashuka mbele, mafuta meusi mpaka kwenye kiwiko, akaingia nayo hivyo hivyo akakaa kiti cha kwanza. Huo ndio uchawi wote uliokuwamo.

Sasa wananiuliza maneno ambayo Mukarugwiza alimwambia Ridhwani wakiwa mbele, kutoka pale mlimani hadi mlango wa kanisa, hata Ridhwani akaendesha kimya njia yote. Nilikuwa kiti cha nyuma. Niliyasikia yote. Siyasemi, na asinijie mtu nyumbani kuniuliza.