Gunia la Ishirini na Moja

Nilipokuwa karani wa serikali Kibiti, enzi za Mwingereza, nilishika ufunguo mmoja wa ghala la mchanga. Wa pili alikuwa nao mjomba wangu, nyapara wa kampuni iliyouchimba mchanga huo kwenye visiwa vya delta. Mlango ulikuwa na kufuli mbili: serikali peke yake haifungui, kampuni peke yake haifungui.

Ulikuwa mchanga mweusi, mzito, unaometa kama ngozi ya kambare aliyetoka majini. Chombo cha kupimia kikisogezwa karibu nao, kilitatarika kama bisi chunguni. Bwana Shauri, ofisa wa serikali wilayani, alituambia mna madini ya atomiki ndani yake, hata kibaba kimoja kisitembee bila hati.

Asubuhi moja, kabla lori la Dar es Salaam halijafika, tulihesabu. Hati ya kampuni ilisema korija moja, yaani magunia ishirini. Nikapata ishirini na moja. Nikarudia, nikigusa kila gunia kwa kiganja. Ishirini na moja.

"Mjomba, hili moja limetoka wapi?"

"Nyongeza," akasema, bila hata kuniangalia. "Korija haiendi bila nyongeza. Umezaliwa kwa wakata mikoko, au uliokotwa?"

Kweli, sisi wa delta tukiuza boriti, kila korija tunaongeza mti mmoja, mnunuzi asituone wachoyo. Lakini gunia lisilo na hati lilionyesha kwamba mchanga ule unaweza kuchotwa pembeni. Mjomba angefukuzwa, pengine afungwe.

"Andika ishirini," akaninong'oneza. "Hilo nitalimwaga mtoni."

Nilimpenda mjomba. Ndiyo maana niliandika ishirini na moja, kwa wino, na chini yake nikaeleza desturi yetu yote, nikamsomea.

"Ukilimwaga, wewe mwizi. Ukitia dole gumba hapa, wewe bado nyapara."

Akatia, huku akinitukana kwa Kindengereko mpaka wapakizi wakashika mbavu.

Bwana Shauri na meneja wa kampuni waliisoma karatasi pamoja, kisha wakaenda visiwani kuwauliza wajazaji mmoja mmoja. Wote walijibu "nyongeza", wakishangaa kuulizwa. Tangu hapo mimi na mjomba tulihesabu pamoja palepale magunia yanapojazwa. Kazi yake haikuguswa.

"Serikali yako," alininung'unikia siku ya kwanza, miguu yetu ikizama topeni, "haijui kupokea zawadi."