Mbuzi Aliyetangulia Sala

Idd el Hajj ya kwanza niliyochinja kama mwenye nyumba, nilichinja kabla ya sala. Nakiri mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Hamugembe hawajanisemea, maana wao huongeza chumvi.

Haukuwa ukorofi. Ulikuwa uvivu, tena uvivu wa mtu aliyesoma. Enzi zile za Mwingereza, aliyefika sekondari alidhaniwa anajua kila kitu, nami sikuona sababu ya kuwakatalia. Nilikuwa na mpango: nichinje alfajiri, nyama na ebitoke, ndizi zetu za kupika, viwekwe jikoni, niende kusali, nikirudi chungu kimeiva, nisibanduke tena barazani kwangu hadi kesho yake. Mke wangu alinikumbusha taratibu kwamba mwalimu wa msikitini amefundisha sala kwanza, kisu baadaye. Nikamjibu kwamba Mungu anaangalia nia. Saa ni mambo ya ofisini.

Na nia nilikuwa nayo. Mke huyo huyo alikuwa amelazwa na homa miezi miwili, akapona, nami nikanuia kuchinja kwa shukrani. Nilikuwa na mabeberu wawili. Mungu nilimchagulia yule mwembamba. Wa pili, mweupe, mnene, alikuwa swahiba wangu: nilimlisha maganda ya ebitoke kwa mkono, naye akicheua miguuni pangu kutwa nzima. Watu walisema tunafanana.

Sala ikaisha, mwalimu akapanda kuhutubu. Akasema, bila kumtaja mtu, kwamba aliyechinja kabla ya sala amewapatia watu wake kitoweo tu. Akitaka iwe ibada, achinje mwingine. Kisha akanitazama. Labda alitazama dirisha lililokuwa nyuma yangu, lakini dirisha halikuwa na damu kwenye kanzu.

Njia nzima nilijitetea kimoyomoyo. Nani angejua? Chungu kingepakuliwa, watu wangekula na kuniombea dua. Nilipofika, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mzima kabisa, ameshika mwiko. Nikaona haya: nimerudishiwa mke, nami nalipa kwa mchuzi wangu mwenyewe.

Nikamfungua yule mweupe. Alinifuata kibanjani, kwenye migomba, bila kuvutwa, akidhani tunakwenda kwenye maganda.

Nyama ya yule wa alfajiri tulimgawia jirani yetu, mama mjane wa Kilutheri, ambaye ukumbi wake ulitazamana na baraza langu. Akashangaa beseni kujaa hivyo. Nikamsimulia yote, nikitarajia pole. Akasikiliza hadi mwisho, akapokea beseni lake, akasema:

"Waitu, jirani yangu, Mungu alikuagiza usubiri tu. Kukaa bila kufanya kitu ndiyo kazi pekee unayoiweza hapa mtaani, na hiyo nayo ikakushinda."