Kola Milioni Mbili na Shati Moja la Eddah

Nianze kwa kukiri kosa. Siku nilipokutana na Eddah Kai kwa mara ya kwanza nililitazama shati lake la buluu lenye mistari myembamba, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua nguo, nikamwambia: "Dada, mtumba huo umeutoa wapi? Hiyo ni kamera hasa, ile inayochaguliwa beli likifunguliwa tu."

Nilidhani nimemsifu.

Eddah hakukasirika. Aligeuka, akanipa mgongo, akainua kola na kuniambia nisome. Hapakuwa na lebo. Palikuwa na herufi mbili zilizotiwa kwa uzi mwekundu, E na K.

"Nimelishona mimi," akasema. "Usijali kaka, si wewe wa kwanza kukosea. Wa kwanza alinivua."

Ni Jumamosi, saa nane mchana, Chaani, mtaa wa wafanyakazi huku Changamwe. Eddah, mwenye umri wa miaka 39, ameketi mbele ya cherehani ya miguu katika chumba anachoishi na mumewe Kazungu na binti yao Faith. Mlango uko wazi kwa sababu ya joto. Nje malori ya mafuta yanapita kwenda barabara kuu, na kila moja likipita sakafu inatetemeka. Eddah anainua mguu kwenye pedeli, anangoja, lori linaisha, kisha anaendelea palepale sindano ilipoachia.

"Ukishona na lori, mshono unakwenda na lori," anasema.

Kila alichovaa amekishona mwenyewe: shati, sketi, kilemba. "Hata za ndani," anasema, "lakini hilo usiandike." Namwomba radhi. Mhariri wangu hutaka ukweli wote.

Kazungu, ambaye ni utingo, anacheka akiwa amelala kitandani na redio kifuani. "Suruali yangu ya kwanza mguu mmoja ulikuwa mrefu. Nikaivaa hivyo hivyo. Watu wakidhani natembea mteremko."

"Wacha uongo, Baba Faith. Ulikuwa unajisifia nayo kwa kila dereva."

"Nilijisifia mguu ule mfupi. Ule ulikuwa sawa."

Kwa miaka kumi na moja Eddah amefanya kazi katika kiwanda kimoja cha mashati yanayouzwa ng'ambo. Kiwanda hicho hatutakitaja. Jina lake mwenyewe amesema tuliandike lote. "Jina langu halijaiba kitu," anasema.

Mtu akisikia anafanya kazi kiwanda cha mashati atadhani anashona mashati. Eddah hashoni mashati. Anashona kola. Laini yao ina watu zaidi ya arubaini, na kila mmoja ana kipande chake: huyu mfuko, yule mkono, mwingine kutoboa matundu ya vifungo tangu asubuhi hadi jioni. Yeye anatakiwa kutoa kola tisini kwa saa. Tulipiga hesabu pamoja, nikatumia simu kwa sababu diploma yangu haikuwa ya hesabu. Zimepita mikononi mwake kola zaidi ya milioni mbili.

Nilifikiria shingo milioni mbili, za watu wa nchi nisizozijua, wanaofunga tai asubuhi bila kujua kuna Chaani.

Mshahara wake, ukitoa makato, unabaki kama shilingi 16,500 kwa mwezi. Kodi ya chumba ni 4,500.

Mambo yalianza miaka mitatu iliyopita, Faith alipotakiwa kuwa na shati jipya la shule. Mtoto alimtazama mama yake akamwambia, "Mama, si wewe unashona mashati? Nishonee."

"Nikamwambia sawa, nitakushonea," Eddah anakumbuka. "Nikakaa. Nikatafuta shati linaanzia wapi, nisijue. Miaka minane niko pale, najua kola peke yake. Ningemshonea mtoto kola, aende nayo shuleni."

Shati la Faith lilinunuliwa sokoni Kongowea. Mama akaamua kwamba hilo litakuwa la mwisho.

Kesho yake, saa ya chakula, alibeba mahamri manne akaenda kukaa karibu na Faki, kijana anayeshona mifuko. Akampa mawili, akamwambia, "Nifunze mfuko." Faki alidhani ni utani. Kitambaa cha kiwanda hakiguswi nje ya kazi, hata kipande cha kufutia jasho, kwa hiyo wakatumia karatasi. Faki alichana mfuko wa unga, akaukunja, akaonyesha pindo linaanza upande gani na sindano inarudi wapi ili mfuko usifumuke mtu akitia mkono.

"Nilimfunza siku tisa," anasema Faki. "Siku ya kumi akanionyesha wake. Nikamwambia, Mama Faith, huu nenda ukautie sukari, hauvuji."

Kutoka kwa Faki alihamia kwa mwingine, na mwingine. Mahamri mawili kwa kila somo. Alijifunza mgongo, kifua, kile kipande cha mabegani, ukanda wa vifungo. Nyumbani alishona karatasi kwa cherehani aliyoinunua kuukuu kwa 7,000, akavaa mashati ya karatasi mbele ya kioo, akakohoa yakachanika, akaanza tena. Bado ana ramani zake za kukatia, zimekunjwa chini ya godoro. Alizikata kwenye magazeti.

Akazitandaza nizione. Mgongo wa shati ulikuwa na picha yangu. Ilikuwa makala niliyoandika mwaka juzi kuhusu bei ya vitunguu, nikiwa nimetabasamu katikati ya mabega. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kujua kwa hakika kwamba nilichoandika kimemfaa mtu.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa mkono. Mkono wa shati ni mkubwa kuliko tundu unalotiwa, na ziada yake lazima imezwe bila mkunjo hata mmoja kuonekana. Mwalimu wake alikuwa Mwanatatu, mama wa Mtongwe anayevuka feri kila alfajiri kuja kazini.

"Alinichosha huyu," anasema Mwanatatu. "Wallahi nilimwambia, shoga, wewe kata mikono uvae kizibao. Hakutaka. Miezi mitatu tunashona mkono wa karatasi. Kisha siku moja ukaingia. Nikauzungusha, nikautafuta mkunjo, sikuuona. Nikautafuta tena. Machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa kulia kwa nguo."

Mafunzo yote yalichukua miezi kumi na minne. Shati la kwanza la kitambaa, la pamba ya buluu yenye mistari aliyoipata Kongowea inakouzwa kwa kupimwa, lilichukua Jumapili mbili. Hakuwa na mashine ya matundu ya vifungo, akayashona yote saba kwa mkono. Tangu hapo hajavaa nguo iliyoshonwa na mtu mwingine, isipokuwa siku moja.

Siku hiyo ilikuwa Oktoba iliyopita. Asubuhi kulikuwa na mvua, Eddah akaingia kazini na koti juu ya shati lake la kwanza. Kutwa nzima alikuwa na aproni. Jioni jua likarudi, akaliacha koti ndani likikauka na kujipanga foleni ya kupekuliwa getini kama kila siku.

Mlinzi, Matano, aliitazama mistari ya buluu. Wiki hiyo laini nzima ilikuwa inashona mashati ya buluu yenye mistari.

"Mama Faith, hilo shati ni la nani?"

"Langu."

"Najua umelivaa wewe. Nakuuliza ni la nani."

Aliitwa msimamizi, Gedion. Alilipima shati kwa macho ya mtu aliyekataa maelfu ya mashati kwa sababu ya uzi mmoja. Akahesabu mishono kwa kucha. Ilikuwa sawa na ya kiwanda, si zaidi, si pungufu. Akaangalia mfuko, akaangalia mikono. "Hili ni letu," akasema.

Kosa la Eddah lilikuwa hilo tu, kwamba alishona vizuri kupita kiasi. Angeacha hata mkunjo mmoja begani angefika nyumbani salama.

Askari wa kike alimpeleka kibandani, shati likavuliwa na kutiwa kwenye bahasha. Mwanatatu akafungua leso yake kiunoni na kumfunika. Eddah alirudi Chaani kwa miguu, amejitanda leso ya mwenzake, na barua mkononi ya kumtaka aje asubuhi ajieleze kabla ya kufutwa.

"Nilimfungulia mlango," anasema Kazungu, na hapa hacheki. "Sikumuuliza. Nilijua shati halipo, nikajua ni jambo kubwa."

Asubuhi Eddah hakujieleza. Alisema, "Nipeni makasi."

Kuhusu yaliyofuata nimezungumza na watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake, na wote walishusha sauti walipofika mahali pamoja.

Gedion alimpa kitambaa kilichokataliwa, chenye doa. Eddah alikitandaza akakikata bila ramani, kwa mkono tu, makasi hayakusimama. Akakaa kwenye cherehani moja. Mwanzo watu waliendelea na kazi zao, wakitupa jicho. Akashona mfuko, na Faki akasimama. Akashona ukanda wa kifua, na mwenye kipande hicho akasimama. Akifika kwenye kazi ya mtu, mtu huyo anazima mashine yake. Kidogo kidogo laini ikanyamaza, mpaka ikabaki inasikika cherehani moja.

Alipoanza kutia mikono, Mwanatatu alifumba macho.

"Hatujawahi kuona," anasema Faki. "Niko pale miaka sita. Mashati nayaona vipande, au nayaona yamekunjwa kwenye maboksi. Sikuwahi kuona shati likizaliwa kwa mtu mmoja. Nikawa naona kama mimi mwenyewe ndiye nashona, kwa sababu mfuko ule ni wa kwangu."

Kola aliiacha mwisho. Aliitia, wanasema, bila kuitazama.

Ilikuwa imepita saa moja na dakika hamsini tangu ashike makasi. Eddah alifika kwenye vifungo, akatoa sindano kichwani, kwenye kilemba, akaanza tundu la kwanza kwa mkono. Gedion akafungua bahasha ya jana, akalitoa lile shati, akatazama matundu yake saba. Hakuna mashine ya kiwanda inayotoa matundu ya namna hiyo. Yalikuwepo tangu jana, ila hakuna aliyeyatazama.

"Inatosha, mama," Gedion akamwambia. "Rudi kwenye kola."

Nilipompata Gedion hakutaka kusema mengi. "Miaka kumi na minne nasimamia watu, sijaona kitu kama kile," alisema. Nilimuuliza shati liko wapi. Akajibu kwamba hilo si lake kuamua, lilipelekwa ofisi ya juu siku ileile. Niliipigia ofisi simu mara mbili nikaambiwa nitapigiwa.

Eddah hakufutwa kazi. Barua iliondolewa. Shati halikurudi.

Ana mengine sita sasa, moja ndilo nililoliita mtumba, na yote ameyatia herufi zake kolani. Watu hushangaa kwamba bado anadai moja kuukuu lenye thamani ya shilingi mia tano za kitambaa.

"Haya sita nimeshona mimi," anasema. "Lile tulishona sote. Kila nilipofika kipande cha mtu nilikuwa nasikia sauti yake. Mkono wa Mwanatatu umo, mfuko wa Faki umo. Na mimi nililivuliwa kama mwizi. Nataka nilivae tena nikipita palepale."

Jumamosi hii, karibu na saa tisa, chumba kinajaa. Faki anakuja, Mwanatatu anakuja na wenzao watatu. Wanakaa kitandani, Kazungu anafukuzwa na redio yake. Anayejua mfuko anafunza mfuko, anayejua mkono anafunza mkono. Tarehe moja Mei, siku ya wafanyakazi, wanataka kuandamana kila mmoja akiwa na shati alilolishona peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mashati manne yameisha. Faki amekwama kwenye mkono.

"Miezi mitatu," Mwanatatu anamwambia bila huruma. "Lete mahamri."

Eddah anataka kuandamana na lile la kwanza. Zimebaki wiki mbili.

Kila Ijumaa jioni, tangu Oktoba, akishapekuliwa huwa hapiti moja kwa moja. Ijumaa iliyopita nilisimama ng'ambo ya barabara nikamwona. Amevaa shati la buluu, kilemba chekundu, sindano imechomekwa kwenye kilemba. Anasogea kwenye dirisha la mlinzi, la kibanda kilekile alimovuliwa. Ndani, Matano ana kitabu cha kuandikia malori. Kola ya sare yake imefumuka upande wa kushoto.

Lori linatoka, ardhi inatetemeka. Eddah anangoja lipite lote.

"Kaka Matano, habari ya jioni. Na hiyo kola yako niletee, nitakutilia bure. Naomba shati langu."

Matano anafungua ukurasa mwingine, anaandika namba ya lori.