Beseni la Mlangoni

Jumamosi iliyopita tulimzika mama hapa Misigiri. Tulipotoka makaburini, Mzee Mkumbo alinawa katika beseni nililomshikia, na harufu ya sabuni ya mche ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu.

Mkumbo ndiye aliyempiga baba fimbo ya kichwa, kwa ugomvi wa ng'ombe walioingia kwenye mtama wetu. Baba akafa. Mkumbo alipotoka jela alikuja kanisani kwetu, Methodisti. Pale waliogombana hawakukaribia meza ya Bwana kabla ya kunawa katika beseni moja mlangoni.

Nilikuwa nimeshaona wengi wakinawa. Baada ya kunawa, aliyechukua jembe alirudisha jembe, na aliyechukua mbuzi alirudisha mbuzi.

Shangazi alimvuta mama kitenge. "Wifi, unanawa na aliyemuua kaka yangu?"

"Nanawa. Sitaki wanangu nao washike fimbo."

Mama na Mkumbo wakanawa, kengele za ng'ombe zikilia kwa mbali. Nilifurahi sana. Nikamsogelea Mkumbo.

"Shikamoo. Baba utamleta lini?"

 Mikono yake ilibaki majini.

Nyumbani nilikifuta vumbi kigoda cha baba, nikakiweka mlangoni, nikakaa kumngoja. Mama alikuja akakiona.  Hakukiondoa. Alikaa chini karibu nami, mikono yake ikinukia ile sabuni, tukaitazama njia mpaka giza likaingia.