Kwaya Iliyochelewa Kuingia

Wanaonijua watakuambia kwamba hasira zangu ziko karibu. Sikatai. Mwaka nilipokabidhiwa kwaya ya parokia yetu, mtaa wa Keshero mjini Goma, nilivunja vijiti viwili vya kuongozea kwa kuvipiga kwenye mgongo wa kiti. Cha tatu kilipona kwa sababu sikuwa na kingine. Na chanzo kilikuwa kimoja tu: kwaya ilikuwa inachelewa. Nikishusha mkono, sauti inakuja baadaye. Si sana, kiasi cha kupepesa jicho tu, lakini inakuja baadaye. Katika wimbo wa ngoma usingegundua kitu. Katika muziki tuliokuwa tunaufanya, kila neno lilikuwa linaburuzwa.

Muziki wenyewe ulikuwa misa ya wafu, iliyotungwa Ulaya katika karne ya kumi na tisa kwa kwaya na orkestra kubwa. Watunzi wa zama zile waliandika kama watu wasioona haya kulia. Muziki wao unakwenda, unasita, unajaa mpaka mabati yanatetemeka, halafu ghafla unanyamaza. Huwezi kuuongoza kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Nilisoma miaka miwili Kinshasa kwa mwalimu mmoja mkali kuliko mimi, na alichonifundisha zaidi ya yote ni hiki: mkono unaoshuka hausemi jambo kubwa. Unaosema ni ule unaopanda, kabla ya sauti. Huo ndio unaowaeleza waimbaji kama kinachokuja ni kizito au chepesi, cha haraka au cha kusubiri, na hapo ndipo wanapovuta pumzi. Pumzi ikiwa nzuri, sauti haina budi kuwa nzuri. Nilirudi Goma nikijiona mimi peke yangu ndiye niliyepewa siri hiyo.

Orkestra yetu haikuwa kubwa. Tulikuwa na violini nne, selo moja, tarumbeta mbili, na kinanda cha umeme kilicholetwa kila Jumamosi kutoka mtaa wa Mabanga kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kimefungwa blanketi, kikirushwarushwa juu ya mawe yetu ya volkano. Umeme ukikatika, kinanda kinanyamaza na selo inajitahidi peke yake. Wapigaji walikuwa wageni kwetu, wanafunzi wa chuo kikuu waliopanga vyumba mtaa wa Majengo. Walisoma nota vizuri, na macho yao hayakutoka kwenye kijiti. Hao hawakuchelewa hata siku moja. Kwa hiyo nilikuwa na violini mbele, kwaya nyuma, na mimi katikati nikichemka.

Kwaya yenyewe, wengi wao walikuwa kina mama. Waliimba kwa kusoma do-re-mi zilizoandikwa kwa mkono kwenye daftari za shule, na aliyeziandika zote, ukurasa kwa ukurasa, ni muzee aliyeiongoza kwaya kabla yangu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Butembo aliyehamia Goma kijana, na aliongoza kwaya ile miaka mingi kuliko umri wangu. Baadaye mikono yake ikaanza kutetemeka. Ilianza kidogo, ikazidi, mpaka kikombe cha chai akawa anakishika kwa mikono miwili. Kisha mke wake, ambaye alikuwa mwimbaji wa alto, ile sauti ya chini ya kina mama, tangu ujana wao, akafariki. Wiki chache baada ya mazishi muzee alikwenda mwenyewe kwa padri, akasema kwaya apewe mtu mwingine. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimerudi kutoka Kinshasa. Alinikabidhi daftari zote kwenye mfuko wa sukari, akaendelea kuja mazoezini kila Jumamosi, akikaa benchi la nyuma, mikono ameibana katikati ya mapaja.

Jumamosi moja uvumilivu uliniisha kabisa. Nilisimamisha wimbo, nikawauliza kama wananiangalia mimi au wanaangalia buibui ukutani. Walicheka. Nikakasirika zaidi. Mazoezi yalipokwisha na muzee akiwa ametoka, mama mmoja alinivuta pembeni. Huyu alikuwa kiongozi wa alto, muuza unga wa Mabanga, mwanamke mpole mwenye sauti nzito.

"Maestro, usitukasirikie," alisema. "Sisi hatuangaliaka mikono. Ni zamani tuliachaka."

"Mliacha namna gani?"

"Muzee alianzaka kutetemeka. Tukasema, tukifwata ile mikono tutapotea wote. Na tukimwambia, tutamuvunja roho. Sasa tukanyamaza. Tunafwataka pumzi."

"Pumzi ya nani?"

Alifikiri, akainua mabega. "Pumzi tu. Inakuyaka yenyewe."

Nilidhani anasema pumzi ya muzee, na sikuuliza zaidi. Nitasema ukweli: niliguswa, na papo hapo nikaudhika. Watu wazima hamsini walikuwa wamekula njama miaka kadhaa ili mzee mmoja asione aibu, na hilo lilinipendeza mno. Lakini pia ilimaanisha kwamba elimu yangu yote ya mkono niliimwaga mbele ya watu wasiotazama mkono.

Kwetu, mwezi wa Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, kila familia huandika majina ya wafu wake kwenye karatasi na kuyaweka ndani ya kikapu mbele ya altare. Mwaka huo kikapu kimoja hakikutosha. Misa yetu ya wafu tulikuwa tunaiandaa kwa siku hiyo. Wiki mbili kabla yake muzee alinisubiri mlangoni.

"Mutoto yangu," alisema, "mwaka huu jina ya mama yako iko ndani ya kitunga."

Alimaanisha mkewe, na kitunga ni kile kikapu cha majina. Nikasema, "Ndiyo, papa."

"Ile wimbo ya mwisho uniachie. Moja tu. Nimuimbishie mama, kisha sitakuomba tena kitu."

Niliitazama mikono yake, naye akaniona ninaitazama. Nikasema ndiyo haraka haraka ili nisiseme hapana. Nilipofika nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu, nikaogopa. Kwaya ingefuata pumzi, sawa. Je, violini? Wale vijana walijua kijiti tu. Wakijaribu kusoma mikono ile, kila mmoja angeona pigo lake, na wimbo wa mkewe ungesambaratika mbele ya parokia nzima. Hilo sikuweza kulivumilia hata kuliwaza.

Ndipo nikapata akili yangu mbovu. Kanisani kwetu, upande wa kushoto, kuna nguzo nene karibu na wapigaji. Mimi ningesimama nyuma ya nguzo hiyo na kuwapigia violini mapigo, na muzee asinione. Kwaya ingemfuata yeye, violini zingenifuata mimi, na mimi ningemfuata yeye kwa jicho. Niliwaeleza wapigaji, wakakubali. Nikamweleza mama wa alto, akakubali, akaniombea baraka. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Nililala vizuri siku hizo, nikijisifu kimoyomoyo kwa huruma yangu.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye mawe. Majina yalisomwa kwa muda mrefu, na jina la mkewe likapita katikati ya mengine bila kupewa sauti ya pekee. Baada ya komunyo muzee alitembea hadi mbele, amevaa koti lililokuwa limemzidi kwa jinsi alivyokonda. Nilishaongoza sehemu zote zilizotangulia, kwa hiyo ilikuwa rahisi kujitoa kana kwamba nakwenda kuketi. Nikajibanza nyuma ya nguzo.

Alianza. Mikono ilitetemeka vibaya, lakini uso wake! Sijaona uso unaoongoza kama ule. Kila kilichokuwa ndani ya muziki kilipita kwanza kwenye paji lake la uso. Kwaya iliingia kwa kuchelewa, kama kawaida yake, nami nikawachelewesha vijana wangu kidogo ili wafanane nayo. Tukaenda hivyo, ukurasa baada ya ukurasa. Nilikuwa natabasamu nyuma ya nguzo yangu.

Katikati ya wimbo huo kuna mahali ambapo kila kitu kinasimama. Kwaya inanyamaza, violini zinanyamaza, na karatasi inasema mapigo manne ya kimya. Kisha wote wanaingia tena pamoja, chini kabisa, kwa sauti ndogo kuliko zote. Muzee alifika hapo, akasimamisha. Akainua mikono kwa ajili ya kuingia tena. Akangoja. Kwaya ikangoja. Nikahesabu nne, nikahesabu tano, nikatazama kwaya: vinywa wazi, vifua havijajaa. Nikaona anapotea, nikasema moyoni lazima nimwokoe. Nikashusha kijiti.

Violini zikatii. Ziliingia peke yao, kwa usafi kabisa, na hakuna aliyezifuata isipokuwa mama wawili na sauti moja ya besi iliyojikata katikati. Halafu vijana nao wakaacha, mmoja mmoja. Mtoto akakohoa nje.

Muzee aligeuza kichwa, si kwa kwaya, bali kwa violini. Aliona macho yao yanakoelekea, akayafuata mpaka kwenye nguzo, akaniona nimesimama pale na kijiti juu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa nguzo moja. Nilitamani sakafu inimeze.

Akaniita kwa kichwa. Nilikwenda. Nilidhani ataniachia nafasi na kurudi kwenye benchi lake, na nilijua kwamba akifanya hivyo sitajisamehe maisha yangu yote.

"Papa, unisamehe," nikanong'ona.

Hakuwa na hasira. Alisema polepole, kwa sauti ya kufika safu ya kwanza ya kwaya tu. "Unazani sikujuaka? Miaka yote ile nilijuaka hawaangalie mikono yangu. Na mimi pia sikukuwa naiangalia. Nilikuwa naangalia mama. Yeye njo alikuwa anavuta pumzi wa kwanza, pale kwa alto, kisha wote wanavuta na yeye." Akatazama kwaya yake. "Wewe unasema wanachelewa. Hawachelewe. Wanamungojea."

Nikageuka. Mama muuza unga alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Naye alikuwa ameelewa sasa hivi, kama mimi. Kati yake na jirani yake palikuwa na pengo la upana wa mtu mmoja, na naapa hakuna aliyewahi kuwaambia waliache. Niliwagombeza miezi yote ile, nikavunja vijiti, na kumbe nilikuwa nagombeza watu walio katika msiba.

"Nenda simama pale," muzee akaniambia. "Uvute."

Niliacha kijiti kwenye ngazi ya altare. Nikapita kati ya kina mama, nikasimama kwenye pengo lile, wakanisogelea mabegani. Mimi si alto, sauti yangu ni ya juu, na wimbo huo sikuwahi kuuimba tangu nianze kuufundisha. Muzee akainua mikono tena. Haikutazamwa na mtu. Yeye mwenyewe alinitazama mimi, akangoja, na sikuhesabu. Nilijua kila kitu kuhusu mkono unaopanda, lakini sikuwa nimewahi kuvuta pumzi kwa niaba ya mtu mwingine. Niliogopa, halafu woga ukapita, na nikamwona amesimama pale, mjane, anasubiri mkewe amruhusu kuanza.

Nikavuta pumzi, kwa sauti, bila haya. Kulia na kushoto nikawasikia wanavuta nami, kisha safu ya nyuma, kisha wanaume, kisha hata wale vijana wa violini, na tukaingia sote mara moja, chini kabisa, hakuna aliyetangulia na hakuna aliyechelewa.

Muzee aliisikiliza ile sauti ya kwanza, akaacha mikono yake ishuke ubavuni. Hakuiinua tena. Alibaki mbele yetu analia waziwazi, nasi tukaendelea kumuimbia mpaka mwisho.