Kisima Kilichovaa Bitana ya Babu

Nakumbuka siku moja, enzi za ujana wangu, yaani muhula uliopita. Usicheke, mwanangu wa kidato cha kwanza. Nina miaka kumi na saba na ndevu nne, nimeyaona mengi.

Mimi na Diane wa Kabuga tulitengeneza kisima cha gesi cha mfano: ndoo ya mchanga iliyofungwa kabisa, pampu ya baiskeli ya kuingizia hewa, na katikati bomba lenye vitundu la kuitoa hadi kwenye beseni la maji, tuhesabu mapovu. Ili mchanga usiingie bombani, nililivalisha bitana ya suti, kile kitambaa cha ndani kinachong'aa, niliyoichukua kwa Babu, fundi cherehani wa Kagarama, bila kumsumbua kwa kumuomba.

Hesabu zetu ziliahidi mapovu arobaini kwa dakika. Yakatoka matatu. Mwalimu akasema hesabu na kisima visipoafikiana kufikia Ijumaa, meza yetu ya maonyesho inapewa kwaya.

"Bomba rimeziba," Diane akasema.

"Limeziba," nikamsahihisha.

"Sahihisha kisima kwanza, Bwana Rugha!"

Nikaenda kwa Babu kukiri, ndoo kichwani. Akaikagua karatasi yangu. "Herufi hii yenye sifuri ni ya nini?"

"Ngozi ya kisima, Babu. Ni ugumu wa hewa kupenya pale bombani. Niliweka sifuri, hesabu iwe nyepesi."

"Ala! Kwenye karatasi kisima kiko uchi, na hapa kimevaa bitana yangu?"

Akaivua bitana bombani, akaiweka mdomoni, akapuliza. Mashavu yakavimba, hewa haikupita. Akachukua shashi, kitambaa chepesi chenye vitundu, akapuliza tena. Pumzi ikanifika usoni, na kitunguu chake. Siri ya mtungi, mwanangu, aijuaye kata.

Tukafunga shashi, tukapima kwa kupiga pampu polepole, tukaijua ngozi yake halisi, tukakokotoa upya. Ijumaa tukatabiri mapovu thelathini na sita kwa kupiga pampu kwa nguvu. Ukumbi mzima ulihesabu nasi: thelathini na nne, na tano, na sita! Dakika ikaisha.

"Rinapumua!" Diane akapiga kelele. Kwaya, bila meza, ikatupigia vigelegele. Nami sikumsahihisha mtu.

Basi, mwanangu, usiweke sifuri mahali usipopajua, nenda kapime. Na kitambaa cha mzee, omba kwanza: mimi bado namshonea Babu vifungo kila Jumamosi kuilipa ile bitana. Mungu azijalie hesabu zako pumzi, na akupe babu wa kuzipulizia.